Karabini Mpya na Mafuta ya Mawese

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya silaha, Ajida hakunipa bunduki. Alinipa kitambaa. Alinionyesha meza iliyojaa vyuma vidogo vyenye masizi, akasema, "Pangusa." Kila nilipoinua kimoja aliniuliza jina lake, na nilipokosa alisubiri tu, kana kwamba tulikuwa na mwaka mzima wa kukaa pale. Ajida, kama tulivyomwita kwa cheo chake, ndiye alikuwa mkuu wa mafundi wa silaha wa kikosi chetu huko Masisi, milimani. Mimi nilikuwa kijana aliyetoka sekondari, nikidhani jeshini ni kupiga risasi. Nikajikuta nafundishwa kusikiliza.

Ndani ya bunduki kuna chuma kinachokwenda nyuma na mbele. Kikienda nyuma kinatoa ganda la risasi iliyokwisha, kikirudi mbele kinaingiza nyingine. Sisi mafundi tulikiita kilase. Ajida alikuwa akikivuta, akikiachilia, huku ameinamisha kichwa.

"Sikia," alikuwa akisema. "Kama iko na afya, inasema neno moja. Kama inasema mawili, iko mugonjwa."

Baadaye tulihamishiwa Walikale, kwenye kambi ya msituni karibu na Mubi. Huko adui wa kwanza wa fundi ni unyevu. Unaweka bunduki kavu ukutani, unaamka unaikuta imeota kutu kama chungwa linalooza. Mafuta ya bunduki yalipaswa kutoka nyuma, makao makuu, lakini barabara ile wanaoijua wanajua. Malori yalizama matopeni, na kilichofika kilikuwa kile ambacho watu hula. Kwa hiyo tulijifunza kutoka kwa wawindaji. Wao huning'iniza bunduki zao juu ya meko, moshi uzikaushe, halafu huzipaka mawese. Ajida alikataa kwa muda mrefu. Kisha siku moja nilimkuta amekaa na chupa ya mawese miguuni, anapaka, bila kunitazama. Baada ya hapo kikosi kizima kilipaka mawese, na bunduki zetu zikanuka kama jikoni.

Ndipo akaja ofisa kutoka nyuma, na kompyuta, kutueleza mipango. Bunduki za zamani zingeondolewa polepole. Mahali pake zingekuja karabini, yaani bunduki fupi, nyepesi, za kumfaa mtu anayetembea vichakani au anayeshuka kwenye gari. Na hizo zenyewe zingeendelea kuboreshwa. Kwanza kitako cha kurefushwa na kufupishwa kulingana na mkono wa askari. Baadaye kilengeo chenye nukta nyekundu badala ya vile vidude viwili vya chuma vya kulengea. Baadaye tena taa, na mtutu mpya usiopata kutu. Alituonyesha picha. Zilikuwa nzuri kweli.

Sisi tunaopenda silaha ni watu wagumu kuridhika. Ofisa alipoondoka, karakana iligeuka baraza.

"Hii iko bunduki ao iko simu?" Ajida aliuliza.

"Batri tutanunua wapi?" mwingine akadakia. "Mubi, kwa bale bauza redio?"

"Na taa. Sisi tunajificha, beo banataka tuwake."

Nilicheka nao, na nilicheka kwa moyo wote. Bunduki ya zamani ina nafasi kubwa kati ya vyuma vyake, kwa hiyo hata ikiingia mchanga inaendelea. Karabini ina vyuma vilivyobanana. Tulisema itakwama, na tulilisema mara nyingi sana, hata ikawa kama tunaingoja ikwame.

Karabini chache zililetwa kwa majaribio, nazo tukazipaka mawese kama zile nyingine. Moja alipewa Kaporali Furaha, mwanamke wa Masisi, mfupi, mwenye mikono myembamba na subira nyingi. Kwa bunduki ya zamani alikuwa mlengaji mbaya kuliko wote, na wenzake hawakumficha.

"Kaporali, ukipiga, adui iende nafasi gani ili akuwe salama?"

"Asimame mbele yangu," alijibu bila hasira. "Hapo hatapata kitu."

Alipofupisha kitako cha karabini kikakaa begani kwake, alipiga shabaha katikati. Akarudia. Alinijia akiwa ameshika shavu, kana kwamba anatafuta maumivu ambayo hayapo.

"Papa fundi, ile ya zamani iko murefu kwangu. Inanipiga ku taya. Mbele ya kufyatua, macho inajifunga yenyewe. Hii, minaona mupaka mwisho."

Miaka yote hiyo tulimfundisha Furaha ujasiri, na alichokosa kilikuwa kitako cha kumtosha.

Halafu kikosi kilirudishwa milimani, Lushebere, kulinda kambi ya waliohama makwao. Furaha aliwekwa kwenye kituo cha mbele, ukingoni mwa mashamba, kilimani juu ya mahema. Asubuhi moja, jua halijatoka, risasi zililia kutoka kilima cha pili. Furaha alivuta kilase. Kilikuja nyuma, kikarudi kwa uvivu, kikasimama njiani. Alikisukuma kwa kiganja, kikasogea kidogo, kikasimama tena. Wawili waliokuwa naye, wenye bunduki za zamani, ndio waliojibu mpaka wale watu wakaondoka. Hatukuzika mtu siku ile. Lakini akina mama walikuwa wameshatoka mahemani na watoto mgongoni, bila kujua wakimbilie wapi.

Niliifungua ile karabini karakanani saa sita, jua likiwa limewaka. Kilase kilikwenda vizuri kabisa. Kilisema neno moja.

"Ni bunduki ya muchana," Ajida alisema. Hakucheka, lakini sauti yake ilikuwa na ushindi. "Tulisema. Major, mukubwa wa kikosi, atauliza maoni yetu. Tutajibu zirudishwe zote."

Furaha alikuwa mlangoni. "Na mimi nitapanda kule juu na nini?"

"Na ya zamani, kama benzako."

"Basi nitapanda kufunga macho," alisema, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilishuka sokoni. Baridi ilikuwa ile ya Masisi, ya kukunja vidole. Mama mmoja muuza mawese alikuwa amepanga chupa zake juu ya jiwe lililotazama mashariki. Mteja alitaka kidogo, na mama akawa anachokoa ndani ya beseni kwa kijiko, kama mtu anayechota ugali.

"Mama, mafuta yako imekuwa na nini?"

"Wee papa, uko mugeni? Ni baridi. Huku juu inashikana. Ngoja jua itoke, itamwagika yenyewe."

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama ninanunua au ninaziba njia. Mimi ni mtu wa milima hiyohiyo. Nimekula mawese yaliyoganda tangu utoto. Lakini tulipoyachukua msituni kwenye joto, yaliacha kuwa chakula akilini mwetu, yakawa mafuta ya bunduki, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka yanavyofanya kwenye baridi. Bunduki za zamani, kwa nafasi zake pana, zilitusamehe. Karabini haikusamehe.

Nilimweleza Ajida. Alisikiliza mpaka mwisho, akipangusa chuma ambacho kilikuwa kimeshapanguswa.

"Kaka," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Haujadanganya mutu. Haujaulizwa juu ya mafuta. Nyamaza tu, zirudi zilikotoka. Zile betri zao, taa zao. Unapenda izo vitu?"

"Sipendi, mon adjudant."

"Basi?"

Alikuwa amenifundisha kazi yote niliyoijua. Na kuhusu taa na betri nilikuwa upande wake, niko upande wake hata leo. Lakini akilini nilimwona Furaha amefumba macho juu ya kilima, na chini yake yale mahema.

Major alikuwa mtu aliyechoka, anayeandika akiwa amesimama. Nilimwambia kwamba bunduki haina kosa, kosa ni la mafuta, na mafuta ni yetu wenyewe. Nilimwambia pia kwamba karabini haifai kupewa kikosi kisicholetewa mafuta yake, na kwamba kabla ya taa na nukta nyekundu watuletee mafuta.

"Na mpaka yaletwe?" aliuliza.

"Nitatafuta."

Alifunika kalamu yake. "Nitaandika ulivyosema. Yule kaporali atabaki na yake. Lakini ikikwama tena, wewe ndiye utakwenda kumweleza mama yake."

Nilikwenda Masisi-centre kwa fundi cherehani. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hayagandi kwa baridi yetu. Tulisafisha karabini zote, tukapaka hayo, tone kwa tone. Asubuhi iliyofuata nilipanda kwenye kituo kabla ya jua. Furaha alivuta kilase mbele yangu. Kilirudi mara moja.

Ajida, aliyekuwa akiniwekea chai kila asubuhi, hakuniwekea tena. Tulifanya kazi meza moja mpaka siku nilipoondolewa jeshini kwa sababu ya jicho langu la kulia, ambalo lilianza kuona ukungu mahali pasipo ukungu. Siku hiyo alinipa mkono, akasema, "Ulisema kweli. Na mimi pia nilisema kweli." Mtutu usioota kutu bado hatujauona, wala ile nukta nyekundu.

Sasa natembea. Sijaweza kukaa mahali pamoja. Njia zikiruhusu, naenda Kashuga, narudi, nashuka mpaka Mubi, natengeneza cherehani za watu. Chombo kingine, lakini sikio ni lilelile. Vijana wa pikipiki pale Mubi wanajua nilikuwa nani, na wananionyesha kwenye simu picha za karabini zitakazokuja.

"Papa fundi, hii njo ya mwisho, ile mupya kabisa. Iko muzuri?"

Naitazama kwa jicho lililobaki. Nawauliza, itabebwa na nani, na mutu huyo ako na mikono ginsi gani? Itakaa kwenye joto ao baridi? Nani atapeleka mafuta? Wananicheka, wanasema mzee anapenda chuma cha zamani. Kweli nakipenda. Naota sauti yake.

Kila nikipita Lushebere napanda kwenye kituo. Furaha ni sajini sasa, na mafuta kutoka nyuma yanafika au hayafiki.

"Umeleta?" ananiuliza, hata kabla ya salamu.

Natoa kichupa mfukoni. Anatia tone, anavuta kilase, anakiachilia. Wote wawili tunainamisha vichwa, na chini yetu mahema yanaanza kutoa moshi wa asubuhi.