Mche Usiokuwa Mnyaa

Mimi nina mdomo, sikatai. Niliporudi kijijini kutoka Itigi, baada ya miaka kumi na tisa ya kushona nguo za watu, jambo la kwanza la maana nililofanya lilikuwa kumwita mdogo wangu wa kiume mwizi mbele ya wazee.

Kisa kilikuwa mpaka. Tumezaliwa wawili tu, na baba, kabla hajaugua na kufariki, alitugawia shamba, mimi na yeye. Kwetu kumpa binti shamba si jambo la kila siku, lakini baba alilifanya mchana kweupe, akachomeka vigingi vitatu sote tukiona. Niliporudi nikakuta viwili tu, cha huku na cha kule. Cha katikati hakipo. Nami nilikumbuka, tena ningeapa, kwamba pale katikati mpaka ulipinda kuelekea upande wake, ukapita nyuma ya kichuguu. Mimi ni fundi cherehani, jicho langu ndilo futi yangu. Nikasema mdogo wangu amekula hatua mbili za shamba langu na kigingi amekitupa.

Yeye alisema maneno machache tu. "Dada, sijagusa kigingi."

Mwenyekiti wa kitongoji akaleta kamba, akaivuta kutoka kigingi hadi kigingi, ikanyooka, kesi ikaisha. Mvua zilipokaribia nikapanda ua wa minyaa palepale kamba ilipopita, huku nikisonya, nikihakikisha kila apitaye anasikia kwamba napanda ua katikati ya shamba langu mwenyewe. Mdogo wangu hakuacha adabu hata siku moja. Tukikutana, "Shikamoo dada." Nami, "Marahaba," macho nimeyapeleka pembeni. Alipombatiza mtoto wake wa mwisho sikutia mguu.

Mvua ilinyesha, minyaa ikashika. Nyuma yake nikawa na bustani yangu ya mchicha na vitunguu, na miiba nimeirundika kuzuia mbuzi. Asubuhi moja napalilia, naona katikati ya ua kuna kitu chenye majani. Mnyaa hauna majani ya kuonekana, ni vidole vya kijani tu. Huu ulikuwa na majani matatumatatu, na vimiiba. Nikaushika niung'oe. Wapi! Haukutikisika. Mche wa urefu wa kiganja, umeshika ardhi kama mti wa siku nyingi.

Nikamwita jirani yangu, mama mmoja anayejua kila kitu.

"Huo mlonge," akasema.

"Mlonge gani una miiba?"

"Basi ndege ameudondosha. Ukate, utakuharibia ua."

Ndege! Jamani, nilivyolipenda lile neno. Nilitaka sana awe ndege. Nikarudi ndani kwenye cherehani, nikashona mkono wa gauni ndani nje. Nikafumua, nikatoka tena kwenda uani kuutazama. Siku hiyo nilitoka mara ngapi sijui, nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe nikakwangua gome kwa ukucha na kunusa, na pale pale nikaujua.

Ni mti wa porini ambao kwetu tunao kwa jina la Kinyaturu tu, Kiswahili chake sikijui hata leo. Gome lake hubanduka kama karatasi, na utomvu wake una harufu kali inayokaa kwenye panga siku nzima. Fito yake ikichomekwa mbichi haifi, na mchwa hawaigusi. Vigingi vyake vyote baba alivikata kwenye mti huo.

Siku tatu sikutulia. Nilijua la kufanya, ni kuchimba nione, na sikutaka kuchimba. Nilijiambia miti ya namna ile imejaa porini. Nilimkasirikia jirani kwa sababu hakurudia habari ya ndege. Mara mbili nilichukua panga nikasimama mbele ya ule mche, na mara mbili nikarudi ndani nikijitukana kwa kushindwa na kijiti.

Siku ya nne nikapiga magoti nikafukua kwa mikono. Chini kidogo tu ya udongo nikakuta kipande cha mti kinene kama kifundo cha mkono wangu, kimevunjika juu, bila shaka kwa jembe la ng'ombe. Shinani kimezungushiwa waya, umeshika kutu, gome limeanza kuumeza. Baba alizungushia waya vile vyote vitatu. Kigingi kilikuwa hapo hapo muda wote, kwenye mstari wa kamba. Kila kilipochipua mbuzi walikitafuna, mpaka ua wangu ulipokikinga.

Nikaenda kwa mdogo wangu na udongo mikononi. Nilimkuta uani kwake anafunga kamba za nira.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Safari hii nilimtazama. "Njoo uone kitu."

Hakuinuka. "Ule mti?"

"Unaujua?"

"Nimeuona tangu unachipua. Nilikuwa nangoja nione kama utaukata."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. "Nilichukua panga mara mbili," nikasema.

"Nilikuona."

Nikamwambia nisamehe. Akatikisa kichwa, akaendelea na nira yake. "Si hapa, dada. Uliniita mwizi mbele ya watu."

Jumapili alasiri tukakusanyika uani kwa mwenyekiti, wazee wale wale. Nikasimama. Mdomo wote ule nilionao, siku hiyo ulikuwa mkavu. Nikasema kigingi kimepatikana, kiko kwenye mstari, kilivunjwa na jembe, mdogo wangu hakugusa kitu, nilikosea. Wazee wakaridhika haraka, mwenyekiti akasema vizuri, mambo yameisha, watu wakaanza kushika magoti wainuke.

Mdogo wangu hakuinuka. "Ulikosea tu, dada?" akauliza, taratibu, bila hasira.

Ningeweza kusema ndiyo. Kila mtu pale alikuwa tayari kuipokea hiyo ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka uwe mwizi. Baba aliugua miaka minne, wewe ukimwogesha na kumlisha, mimi niko Itigi natuma salamu. Nilirudi kila mtu anakusifu. Nikaona afadhali na wewe uwe na kosa."