Sahani ya Doto

Cheka ukitaka. Hata mimi ningesimuliwa ningecheka. Lakini haya yamenipata mimi, mchana kweupe, njia ya kutoka stesheni ya Bukene, na sina sababu ya kukudanganya.

Mimi ni Doto. Kulwa, pacha wangu, alikufa tukiwa bado tunanyonya. Mama hakuwahi kunipa kitu peke yangu. Gauni zilikuwa mbili, sahani mbili, ya Kulwa inawekwa pembeni na kufunikwa kawa. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo nilipofungua anwani ya barua pepe ya kuuzia asali yangu hapa Tabora mjini, niliandika majina yote mawili, Kulwa na Doto. Ningeandikaje moja?

Mwaka jana wateja wakaanza kunilalamikia. Wanapata barua kutoka kwangu, za mikopo, za dawa za ajabu ajabu, na mimi sijaandika hata moja. Nikabadili nywila. Wapi. Fundi wa kompyuta akaniambia, "Dada, hakuna aliyeingia kwako. Wanaandika tu anwani yako, kama mtu anavyoandika jina la mwingine nyuma ya bahasha. Huwezi kuwazuia." Nilimchukia, lakini alisema kweli.

Kisha akapiga simu mdogo wangu Shija, anayeishi na Mama kule Bukene. Amepata barua kutoka kwenye anwani yangu: "Mwambie Mama nakuja Jumamosi. Kulwa." Basi, jina la Kulwa peke yake, langu halipo. Mama kasomewa, kalia kwa furaha.

"Ni matapeli hao," nikamwambia. "Mweleze Mama."

"Njoo umweleze mwenyewe. Mimi siwezi."

Jumamosi nikapanda treni. Nimeshuka, natembea zangu, mbele yangu anakuja mwanamke. Niamini, ulikuwa uso wangu. Kovu la uji wa moto nililo nalo shavuni tangu utotoni, yeye hana.

"Mama hajambo," akasema, kwa sauti yangu hii hii. "Tumekula." Akapita. Wewe ungemfuata? Mimi nilikaza mwendo kwenda kwa Mama.

Nyumbani nilimkuta Mama anatoa vyombo. Sahani zote mbili zimeliwa. Akanitazama, akanigusa shavu.

"Kulwa, umerudi? Umeungulia wapi tena, mwanangu?"

Nikamwambia mimi ni Doto. Nikamwambia mpaka nikalia. Akanikumbatia, akanibembeleza polepole.

"Doto alikufa mkiwa mnanyonya, mama. Unajua."

Nikamgeukia Shija. Shija akainamisha kichwa.

Anwani ile nimeifunga, barua zinatoka vilevile. Nikienda Bukene naitwa Kulwa, nakula, na pembeni yangu ipo sahani iliyofunikwa, ya Doto. Inaniuma, lakini nimechoka kubisha.

Wewe ukipata barua yenye jina langu, usiijibu. Na akija mtu mlangoni kwa jina la mwanao, mtazame vizuri kabla hujampakulia. Ukishamlisha yule, mwenyewe akifika atakuwa hana pa kukaa.