Cherehani Iliyonuka Kitunguu

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na mikononi mwake zilipita nguo nyingi zilizofumuka. Wenyewe wakija kuzichukua walimwuliza, "Kwani hapa hamshoni?" Akachoka kujibu hapana. Akaamua kununua cherehani ya bei nafuu, aiweke nyumbani.

Akaenda kwenye duka la vyombo vya mitumba pamoja na mama mkwe wake, ambaye hakukubali kuachwa nyuma. Muuzaji akawaonyesha cherehani nyeupe ya plastiki, ya umeme, yenye mishono chungu nzima. Mama mkwe akaipenda papo hapo. Mama Pacha akatoa mkobani kipande cha jinzi, akakikunja mara nne, akakitia chini ya sindano. Ile nyeupe ikaguna, ikakwama. Pembeni palikuwa na nyeusi ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, rangi imebanduka. Akaizungusha taratibu, ametega sikio. Ikapita juu ya jinzi bila kulalamika, na mshono ukatoka sawa juu na chini.

"Naichukua hii."

"Hii?" mama mkwe akashangaa. "Mbona kama imeokolewa kwenye moto?"

"Mama, mimi nataka ya kushonea, si ya kupigia picha."

Ilimtumikia vizuri. Kila akimaliza kazi aliifagia vumbi la nyuzi kwa mswaki mkuukuu, akaidondoshea mafuta kidogo, akaifunika. Sindano ikiwa butu, aliibadilisha. Mama mkwe alikuwa akitazama yote hayo.

Kisha dada yake Mama Pacha akajifungua, naye akaenda kumsaidia kwa wiki kadhaa. Aliporudi, akaifunua cherehani, akashika mpini auzungushe. Wapi! Umeganda kama uliochomelewa. Sketi za watu zilikuwa zimerundikana kitini, na uwezo wa kununua nyingine hakuwa nao.

"Mama, kuna mtu ameigusa?"

Jikoni sufuria zilianza kuoshwa kwa kelele za ajabu.

Mama Pacha akainama. Akanusa. Akanusa tena. Kitunguu!

"Mama! Umeitia mafuta ya kupikia?"

Mama mkwe akatokea mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Niliona kichupa chako kimekwisha. Nikasema isikae kavu, maskini, mwenyewe hayupo. Yalikuwa mafuta mazuri tu, nilikaangia mara moja." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Nimeiua, mwanangu?"

Mama Pacha akafungua bamba la chini ya sindano kwa bisibisi. Ndani mafuta yalikuwa yamegeuka gundi, nyuzi zimenasa humo. Akadondoshea mafuta ya taa kwenye kila kiungo, akaiacha inywe. Wakala chakula. Kisha akaanza kuisukuma, mbele kidogo, nyuma kidogo, huku mama mkwe akifuta uchafu uliotoka.

"Imecheza!" mama mkwe akapaza sauti. "Nimeiona, imecheza!"

Kweli ilikuwa imecheza, na baada ya muda ikazunguka duara zima. Wakaikausha, wakaomba mafuta ya cherehani kwa fundi jirani, wakashona matambara mpaka hayakutoka tena na madoa.

Mama Pacha akaketi sakafuni, akacheka hadi machozi.

"Cheka tu," mama mkwe akasema, naye akishusha pumzi. "Mimi nilishaanza kufikiria kuhamia kwa shemeji yako."

"Huhami popote, mama. Nipe hiyo sketi ya juu."