Kijani cha Ndani ya Kifuniko

Lori la tumbaku lilirudi nyuma sokoni Omugo bila kuangalia, likapindisha bampa la mbele la pikapu ya mjomba wangu. Ilikuwa miaka ya tisini inaanza. Nilikuwa nimemaliza sekondari na ndiye niliyekuwa dereva wake, nikilala kwake Arua huku nikiota miji mingine. Baadaye nilikaa katika mingi, na sikumbuki gari hata moja la huko kama ninavyokumbuka lile.

Pikapu haikuwa yake hasa. Ilikuwa ya kaka yake, askari wa serikali iliyoangushwa, aliyemwachia ufunguo mwaka 1979 akavuka kwenda Sudan kwa miguu. Alisema tu, "Chunga gari yangu." Mjomba alikimbia nalo Zaire, akarudi nalo. Sasa habari zilifika kwamba kaka yake amerudi, yuko Koboko kwa dada yao. Mjomba alitaka kumkabidhi gari lile lile, asije akadhaniwa aliuza la kweli akanunua jingine.

Tulilipeleka gereji, na fundi akanyoosha bampa kwa nyundo hadi likakaa sawa. Ikabaki rangi. Alizunguka gari mara kadhaa, akafungua kifuniko cha tangi la mafuta, akachungulia ndani yake.

"Mzee, rangi ya gari yako iko wapi?"

"Iko mbele yako. Wewe haina macho?"

"Kuja, angalia hapa ndani."

Tukainama. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa kijani kibichi, kama majani ya muhogo baada ya mvua. Nje, gari lilikuwa na rangi ambayo sijui niiiteje: kijivu, labda, chenye kumbukumbu ya kijani. Wote tulikuwa tumezoea kuliita la kijani, na hadi dakika ile hakuna aliyeshangaa.

"Jua imekula," mjomba akasema.

"Jua peke yake? Unasafisha na nini?"

"Sabuni. Halafu nasugua na mafuta ya taa, kila Ijumaa, iangaze."

Fundi akashika kiuno. "Mafuta ya taa! Ee mzee, wewe ulikuwa unapika gari, haikuwa kusafisha!"

Watu wa gereji wakacheka. Mjomba hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mlango, akakiangalia kidole chake.

Fundi alichanganya rangi mbili, akazipaka kwenye kipande cha bati: moja ya kufanana na gari, nyingine ya kufanana na kifuniko. Mjomba alilibeba bati juani, akalirudisha kivulini, akalipeleka juani tena.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Gari ya ndugu yangu ni gani?"

Nilisema ya kwanza, kwa sababu bampa halitatofautiana na gari. Kisha nikasema ya pili, kwa sababu ndiyo kaka yake aliyoiacha. Akanikemea nichague. Sikuweza.

"Yeye aliacha kijani," akamwambia fundi mwishowe. "Paka kijani."

Rangi ile ilitosha bampa tu, na kaka yake alikuwa anatungoja kesho yake. Tuliingia Koboko kizee chetu cha gari kikiwa na mdomo mpya. Mwanamke mmoja kando ya barabara akapiga kelele, "Angalia! Gari imevaa kiatu mupya, nguo iko ile ya zamani!"

Kaka yake alitoka kwa dada yao, mrefu, amekonda. Walishikana mikono kwa muda mrefu wakiulizana hali, wakirudia maswali yale yale. Kisha akaja mbele ya gari, akasimama karibu na bampa.

"Hii iko yangu," akasema. Akaelekeza kidevu kwenye mlango. "Na hii iko ya nani?"

"Ni ile ile, kaka. Mimi ndiye niliharibu. Nilikuwa nasugua na mafuta ya taa."

"Kwa nini?"

"Iangaze. Ukirudi, ukute inaangaza."

"Hata Zaire?"

"Hata Zaire. Kila Ijumaa."

Kaka yake alimtazama. Sikujua kama anakasirika au anataka kucheka; uso wake ulikuwa na vyote viwili. Mjomba akanyoosha mkono wenye ufunguo. Kaka yake hakuupokea. Alizunguka upande wa abiria, akafungua, akaketi. Mlango ule ulikuwa umelegea bawaba tangu nilipoujua, na mgeni yeyote aliubamiza bure hadi aelekezwe. Yeye, bila kuelekezwa, aliuinua kidogo kwa mkono wa kushoto, akauvuta, ukafunga.

Mjomba alibaki amesimama, ufunguo bado kiganjani.

"Amekubali?" akaninong'oneza.

"Sijui, mjomba," nikamwambia. "Lakini anakungoja uendeshe."