Alionja sambusa, akauliza muke wake iko wapi

Leo minye ndiye niliyemwambia mwanaume fulani kwamba muke wake alikufa.

Sikumjua. Alishuka kwenye pikipiki hapa Luvungi, akanunua sambusa yangu ya majani ya muhogo na samaki wadogo, akauma, akaiangalia ndani.

Halafu: "Mama, kutia sombe na ndagala ndani ya sambusa, nani alikufundisha?"

Nikajibu bila kuwaza: "Mama mmoja wa Mutarule. Tulikimbia vita pamoja, tukaishi hema moja kule Burundi."

Jamani, akatabasamu.

"Huyo ni muke wangu. Tulipotezana siku ile ya kukimbia. Sasa iko wapi?"

Mafuta yalianza kuungua, nikayaacha.

"Papa, ikala kwanza."

Hakukaa. Alikuwa ameelewa. Aliuliza tu kama muke wake aliteseka sana.

Nikamwambia ni kipindupindu, kilimchukua haraka, na kwamba nilimshika mkono mpaka mwisho.

Akasema, "Aksanti, mama." Akapanda pikipiki, sambusa bado iko mkononi.

Kumshika mkono, hiyo ni kweli. Hiyo ya haraka nilidanganya.

Wenzangu, ingekuwa ninyi, mungemwambia nini?