Mshona Makuti na Pepo wa Kusingiziwa

Ni saa mbili asubuhi. Uani kwake, mtaa wa Dunda mjini Bagamoyo, Mwanamvua binti Kombo anakunja jani la mnazi juu ya ufito, anapitisha kamba, anavuta. Kamba inakatika. Anaanza upya, na mikono inamtetemeka kama ya mwenye homa.

Homa hana. Majirani ndio wanaosema ana homa.

"Zamani nilikuwa nashona makuti thelathini kwa siku," anamwambia mwandishi wa gazeti hili bila kuinua macho. "Siku hizi nikifikisha kumi namshukuru Mungu. Na kuti lenyewe hili, hata mimi nisingeezekea banda la kuku."

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Mumewe, utingo wa lori, alifariki mwaka 1966 gari lilipopinduka karibu na Msata, akamwachia binti mmoja, Mardhiya. Alipomaliza eda, Mwanamvua alirudi kwenye shamba la minazi kutafuta makuti, na huko mgema akamwonea huruma, akampa kata moja ya tembo apate usingizi. Usingizi akaupata. Kesho yake akaomba kata mbili. Sasa ni miaka sita, na tembo analifuata kabla ya chai.

Mtu angetarajia ndugu wamkanye. Hawakumkanya, walimsitiri, na hapo ndipo walipommaliza. Mwanamke wa Kiislamu, wa ukoo unaojulikana, atalewaje? Wakakubaliana kwamba anayekunywa si yeye, ni pepo aliyempanda kichwani. Mganga akaitwa, ngoma ikachezwa siku tatu, na pepo, kama ilivyo ada, akaulizwa anataka nini. Akataka tembo. Wakampa.

"Nililia," Mwanamvua anasimulia. "Wakasema pepo analia. Nikawaambia, jamani, ni mimi mwenzenu, nimeshindwa. Wakacheka. Wakasema pepo huyu mjanja!"

Mwaka jana alisikia uvumi kwamba wapo wanaume mjini walioacha pombe, na kwamba hukutana kila wiki kutiana moyo. Akaanza kuwatafuta. Aliuliza sokoni. Aliuliza kwa mganga wa dawa za hospitali, akapewa vidonge vya malaria. Akamwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, naye akaja juu: "Chama cha walevi? Katika mji huu? Nani kakudanganya, shemeji?"

Miezi mitano ilipita hivyo. Wengi aliowauliza walikuwa wanajua, na waliojua walinyamaza, maana kumtaja mlevi wa jana ni kumvua nguo hadharani.

Aliyemfungulia njia ni mteja wake, Bi Adija, aliyekuja kununua makuti akaiona mikono ile. Mumewe, fundi mwashi Bwanaheri, ndiye mwenyeji wa kikundi. Wanaume sita hukaa barazani kwake kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, na mpita njia haoni kitu ila dele la kahawa na vikombe. Kila mmoja hutaja jina lake na siku aliyokunywa mara ya mwisho, na wenzake humwombea Mungu ampe nguvu.

Lakini baraza ni ya wanaume. Mwanamvua alitandikiwa mkeka ndani, nyuma ya pazia, pamoja na Bi Adija aliyekuwa akichambua mchele.

"Siku ya kwanza tu nikaisikia sauti ya shemeji yangu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Ana mwaka na nusu hajagusa. Alikuwa analia kama mtoto, maskini."

Alisikiliza Alhamisi tisa. Kuna kipindi alikaa siku kumi na moja bila tembo, jambo ambalo hakuwahi kuliweza tangu aanze. Kisha akateleza. Alhamisi ya kumi hakuweza kunyamaza tena, akapaza sauti nyuma ya pazia: "Mimi ni Mwanamvua binti Kombo. Nimekunywa leo asubuhi."

Bwanaheri akajibu kutoka barazani, kwa upole wote: "Pepo, tumekusikia. Mwache mama wa watu apumzike." Wenzake wakaitikia amina.

"Nilimsitiri," Bwanaheri alimweleza mwandishi, akitazama chini. "Ana binti anayeposwa. Mwanamume akilewa atasemwa wiki moja. Mwanamke atasemwa mpaka kwa wajukuu. Ningefanyaje, ndugu yangu?"

Jioni ya Alhamisi ile Mwanamvua alikunywa mpaka Mardhiya akaenda kumwokota shambani, na tangu hapo hajakanyaga tena kwa Bi Adija.

Mardhiya, mwenye miaka kumi na minane, anajua hesabu yake. "Upande wa mwanamume wanayo habari ya pepo na hawana neno," anasema. "Wakijua ni pombe, posa itarudi. Na irudi. Mimi nimechoka kumwita mama yangu pepo."

Mwandishi alishauri jina libadilishwe gazetini. Mwanamvua akauweka ufito chini.

"Wale wanaume husomeana gazeti pale barazani," alisema. "Gazeti hawataliambia ni pepo. Alhamisi nitakwenda kusimama mlango wa mbele, waniitikie au wanifukuze. Andika jina langu lote. Na uandike kwamba leo nimekunywa, baba, kabla hujabisha hodi."