Pua Yetu kwa Kilatini

Pua yangu ni fupi na imebinuka juu. Nimeirithi kwa mama, naye kwa babake kule Rusinga, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili yake.

Seminari niliyosoma ilikuwa karibu na Homa Bay. Siku moja mwalimu wa Kilatini alitafuta mfano wa kivumishi, macho yakatua usoni pangu. Akaandika ubaoni: silus, sila, silum. "Mwenye pua kama ya huyu," akasema. Mwanamume ni silus, mwanamke sila, na jina lisilo la kiume wala la kike hupewa silum. Darasa likaangua kicheko. Kufikia chakula cha mchana, shule nzima iliniita Silus.

Hilo nililimeza. Lakini siku ya wazazi, mama alipoingia langoni kutoka Awendo, nikasikia nyuma yangu: "Sila amefika!" Damu ikanichemka. Mimi nitaniwe, sawa. Mama yangu, hapana! Nilishakunja ngumi aliponishika mkono.

"Hao wanasema nini?"

Nikamweleza yote, nikamsihi turudi nyumbani.

"Kwani hiyo Latin iko na jina ya pua yetu?" akauliza. "Twende ndani."

Ukumbini wazazi walisimama mmoja mmoja, wakataja jina na kijiji, wakaketi. Sasa, sisi Waluo tuna pakruok: mtu husimama katikati ya sherehe akajisifu, akataja kwao na kinachomfanya aringe. Ni mambo ya ngoma na vinywaji, si ya mikutano ya shule. Mama hakujali. Alisimama, mwalimu akiwa kiti cha mbele.

"An nyar Rusinga! Mimi binti wa Rusinga! Sila, mama Silus! Hii pua inaangalia juu tangu nizaliwe. Nilizika mzee, ikaangalia juu. Nikapalilia miwa ya watu, ikaangalia juu. Leo nani ataiteremsha?"

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka padri akasahau ajenda. Mimi nililia, na sikujificha.

Jumatatu mwalimu aliomba sentensi yenye kivumishi chochote. Nikainuka kabla hajamtaja mtu.

"Mater mea sila est," nikasema, kwa sauti ya kufika jikoni. Mama yangu ana pua hii.

Mwalimu alitazama dirishani kwanza. Kisha ikambidi aseme ni sahihi.